Wally Gonzalez: gita la kigeni, wimbo wa nyumbani

Leo tunakwenda Ufilipino, nchi ya visiwa zaidi ya 7,000 huko Asia. Tunataka kumweleza mpiga gita mmoja, Wally Gonzalez, aliyefariki mwaka 2021.

Kwanza tuijue nchi yenyewe. Wahispania waliitawala kwa zaidi ya miaka 300. Mwaka 1898 Wamarekani wakaichukua, na uhuru ulipatikana mwaka 1946. Hata hivyo majeshi ya Marekani yalibaki katika kambi kubwa za Clark na Subic. Karibu na kambi hizo palikuwa na vilabu vingi vya pombe na muziki. Wanamuziki wa Kifilipino walipata riziki yao humo kwa kuwapigia askari nyimbo za kwao, hasa muziki wa roki.

Sasa basi, fundi alikuwa nani? Ni yule aliyeweza kuiga. Ukipiga na kuimba Kiingereza sawasawa na sahani ya santuri, unasifiwa. Lakini kuimba roki kwa Kitagalogi, lugha ya nyumbani na sokoni? Hilo halikuwa jambo la kawaida. Na lugha ikizuiwa kupanda jukwaani, wenyewe huanza kuionea haya.

Mwaka 1968 Wally na mpiga ngoma Edmund Fortuno walianzisha bendi. Waliiita Juan de la Cruz. Huko Ufilipino jina hilo ni kama sisi tunaposema fulani bin fulani, yaani mwananchi wa kawaida. Jina lilikuwa la mwananchi, lakini nyimbo za mwanzo zilikuwa za Kiingereza.

Baadaye bendi ikawa ya watu watatu. Wally alishika gita, Mike Hanopol besi, na Joey Smith alipiga ngoma huku akiimba. Mwaka 1973 wakatoa sahani iitwayo Himig Natin, maana yake "Wimbo Wetu". Nyimbo nyingi za sahani hiyo bado zilikuwa za Kiingereza, ila wimbo uliobeba jina lake uliimbwa kwa Kitagalogi. Vijana wakaupokea kama wimbo wao. Mwaka 1974 ikafuata Maskara, na humo Kitagalogi kilishika nafasi kubwa. Tazameni majina ya baadhi ya nyimbo zake: moja ni "Soko", nyingine "Kisima Kirefu". Hayo ni mambo ya watu wa kila siku.

Je, kazi ya Wally ilikuwa nini hapo? Tueleze kwanza chombo chake. Gita la umeme lina nyuzi za chuma, na chini yake zipo sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba. Uzi ukitikisika, umeme mdogo sana unatokea katika ule waya. Umeme huo unapelekwa kwenye mashine ya kukuza sauti, na ukumbi mzima unasikia.

Wally alipenda sana mtindo wa bluzi. Mtindo huu ulianzishwa na watu weusi wa Marekani, wajukuu wa waliochukuliwa utumwa kutoka Afrika. Katika bluzi mwimbaji anatoa mstari, halafu gita linamwitikia, kama tunavyoitikiana ngomani. Mpigaji anausukuma uzi kwa kidole mpaka sauti inapanda na kulia kama mtu. Wally alikuwa hodari wa kuitikia namna hiyo, na mwitikio wake ulikaa vizuri na maneno ya Kitagalogi kama ulivyokaa na ya Kiingereza. Hata moja ya nyimbo zake mwenyewe zilizojulikana sana iliitwa "Wally's Blues", yaani bluzi ya Wally.

Bendi hii ilifungua njia. Katika miaka iliyofuata, bendi nyingi za Ufilipino ziliimba roki kwa lugha yao bila wasiwasi, na muziki huo ukapata jina lake: roki ya Kipinoy, yaani ya Wafilipino.

Gita halikutengenezwa kwao, bluzi haikuzaliwa kwao, na roki ililetwa na wageni. Wenzetu hawa hawakuvitupa vitu hivyo. Walivitia maneno yao wenyewe, basi vikawa vyao.

Swali la kujadili katika kikundi chenu: ni kitu gani cha kigeni kilichoingia kijijini kwenu, nanyi mkakifanya kuwa chenu? Mlikifanyaje?