Mbwa akitokwa damu, usimfukuze



Katika mkutano wetu mama mmoja alileta swali ambalo wengi tunalificha kwa haya. Mbwa wake dume, mlinzi wa parsele, anadondosha damu kwenye uume kwa wiki kadhaa. Jirani mmoja alisema ni uchawi. Mwingine alimshauri ampeleke mbali, amwache huko sokoni. Yeye alitaka kujua jambo moja tu: watoto wake wataambukizwa?

Jibu ni hapana. Ugonjwa huu ni wa mbwa na wanyama wa jamaa yake, kama mbweha. Mtu haupati, wala mbuzi, wala paka. Lakini tuujue vizuri, kwa sababu mbwa anayetupwa ndiye anayeueneza.

Ni kansa ya ajabu. Kansa ya kawaida huanza ndani ya mwili mmoja na hufa pamoja na mwili huo. Hii inahama. Mnajua tunavyofanya na muhogo: unakata kijiti katika shamba la jirani, unakipanda kwako, na muhogo unaoota ni uleule wa jirani. Ndivyo inavyokuwa hapa. Mbwa wanapopandana, chembe hai za uvimbe hubanduka kwa mgonjwa, hushika kwa mzima, na kuota. Zinapita pia mbwa wakilambana, wakinusana au wakiumana, ndiyo maana wengine huota uvimbe puani au mdomoni.

Mwaka 1876 mganga wa wanyama wa Urusi, Novinsky, alionyesha kwamba uvimbe huu unaweza kupandikizwa kutoka mbwa mmoja hadi mwingine. Siku hizi wataalamu wamepima uvimbe wa mbwa wa nchi nyingi wakakuta wote umetoka kwa mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Yeye alikufa zamani, kansa yake bado inatembea.

Dalili ni hizi: damu inayodondoka sehemu za siri, mbwa kujilamba kila wakati, na kinyama chekundu chenye vinundu vinundu kama shufleri, kinachotoka damu ukikigusa. Kwa jike tunadanganyika, tunadhani ni damu yake ya kawaida ya kutaka dume. Hiyo hukoma baada ya wiki mbili au tatu. Ikiendelea, mwite veterineri. Kama uvimbe uko puani, mbwa hupiga chafya na kutoka damu ya pua.

Habari njema ni kwamba mbwa wengi wanapona kabisa. Veterineri huwachoma sindano ya vinkristini mara moja kwa wiki, kwa kawaida wiki nne hadi sita, hata kama uvimbe umeanza kupungua mapema. Usikatishe katikati. Dawa hii ilitoka katika ua la Madagaska, lile la waridi au jeupe lenye petali tano tunalopanda mbele ya nyumba. Lakini msichemshe majani yake, kwani ni sumu.

Dawa yenyewe ni kali. Siku chache baada ya sindano, mkojo na mavi ya mbwa huwa na mabaki yake. Anayesafisha avae glavu, na watoto wakae mbali. Mama mwenye mimba au anayenyonyesha asiguse kabisa.

Mpaka apone, mfunge mbwa ndani ya parsele, asikutane na wengine. Ukimtupa sokoni, atapandana na mbwa wa mtaa mzima, na baada ya miezi michache damu itarudi kwenye mlango wako kupitia mbwa wa jirani. Kumhasi dume au kumfunga jike kizazi kunasaidia sana, maana hatazurura kutafuta mwenzake.

Gharama inatisha mtu akiwa peke yake. Tufanye kama kwenye likelemba: wenye mbwa kumi wamwite veterineri siku moja, wagawane nauli yake, na hapohapo mbwa wote wachanjwe kichaa cha mbwa, ambacho chenyewe kinaua watu.

Neno la mwisho, kwa ajili ya watoto wanaosikiliza tunapoongea. Wakisikia “kansa inaambukiza”, wataogopa kula na shangazi mwenye kansa ya titi. Waelezeni: kansa ya shangazi haihami. Hata kansa ya mlango wa kizazi, kinachopita kati ya watu ni virusi vinavyoweza kuileta, siyo kansa yenyewe. Mgonjwa wetu tule naye sahani moja, tumshike mkono. Na mbwa wetu tumfunge, tumtibu, aendelee kulinda mlango.