Ugonjwa wa mama na mutoto aliye tumboni

Mama akipoteza mimba, katika matanga pale Bel-Air ao Bongonga, neno moja halikosi: nani amemuloga? Wengine wanasema ni uzinzi wa bwana yake. Makatekista wetu wa Kampemba wanaulizwa maneno haya mara nyingi. Basi inafaa tujue kidogo namna virusi inavyoweza kutoka kwa mama na kufika kwa mutoto.

Damu ya mama na damu ya mutoto hazichanganyiki. Katikati iko kondo la nyuma, ambalo wengi wetu tunaliita plasenta. Ngozi yake ya inje ni kama kitambaa kisicho na mushono, na damu ya mama inaiosha muda wote. Chakula na hewa vinapita. Hata kinga ya mama juu ya surua inapita, nayo inalinda mutoto miezi ya kwanza. Virusi nyingi zinazuiwa pale.

Lakini si zote. Mwaka 1941, kule Australia, munganga wa macho Norman Gregg aliona watoto waliozaliwa na weupe ndani ya macho. Mama zao waliugua rubela wakiwa na mimba. Virusi ya Zika, iliyopatikana Uganda mwaka 1947, ilionekana Brazil mwaka 2015 kuwa inaleta watoto wenye kichwa kidogo.

Kwetu Kongo ushuhuda ulio wazi umetoka Kole, katika Sankuru. Kati ya wagonjwa wa mpox walioangaliwa katika lopitali ya kule tangu 2007 mpaka 2011, wamama wane walikuwa na mimba. Mumoja alizaa mutoto muzima. Watatu walipoteza watoto wao. Mutoto mumoja alifia tumboni mwenye vipele mwili wote, na virusi ilipatikana katika kondo, katika ukamba wa kitovu, na katika nyama ya mwili wake mwenyewe. Neno hili la mwisho ndilo kubwa. Virusi ikionekana katika kondo tu, hatuwezi kusema imefika kwa mutoto, maana kondo linaweza kuugua naye akabaki salama. Tena kupima kwa panya hakutoshi: kondo la panya halifanani kabisa na la mutu.

Juu ya SIDA watu wanakosea vingine. Virusi yake inapita zaidi wakati wa kuzaa ao kwa maziwa, kuliko tumboni. Na mama anayekunywa dawa vizuri anaweza kuzaa mutoto asiye nayo. Kwa hiyo tumutume lopitali mapema, bila kumuhukumu.

Kwa wapadri: kanuni 871 inasema mutoto wa mimba iliyotoka, akiwa angali na uzima, abatizwe kama inawezekana. Pahali penye ugonjwa wa namna ile asiguswe kwa mikono mitupu. Na akiwa amekufa mbele ya ubatizo ambao wazazi waliutaka, kanuni 1183 inaacha askofu aruhusu maziko ya Kanisa. Kanuni hii wengi wanaisahau. Katekista apeleke ombi kwa paroko siku ileile, maana maziko hayangoji.