Amplifaya ndani ya kisanduku: sauti ya gitaa la Bungoma na Kitale itabebwa na nani?

Wapiga gitaa wa magharibi mwa Kenya hawakungoja kamwe mpaka vyombo vitimie ndipo waanze kupiga. Pasipokuwa na ngoma, chupa ya soda iligongwa ikawa ngoma. Pasipokuwa na umeme, gitaa la mbao lilitosha. Na umeme ulipofika, gitaa liliungwa kwa spika yoyote iliyopatikana, nzima au iliyochanika, na watu wakacheza hadi majogoo.

Leo chombo kingine kinabisha hodi. Ni kisanduku cha kukanyagwa kwa mguu, ambacho ndani yake kompyuta ndogo inaiga sauti za amplifaya mashuhuri za dunia. Mpiga gitaa hana haja tena ya kubeba amplifaya yenyewe. Anakanyaga swichi, na sauti aitakayo inatoka katika vipaza sauti vya ukumbi. Wapo wanaoshangilia kwamba mzigo umetuliwa. Wapo wanaonung'unika kwamba hiyo ni sauti ya bandia. Lakini kwa mpiga gitaa wa Bungoma au Kitale liko swali kubwa kuliko hayo mawili: kati ya sauti zote zilizotiwa kisandukuni, yake imo?

MIZIZI YA SAUTI

Kabla ya gitaa kulikuwa na litungu. Chombo hiki cha Wabukusu, ambao wamejaa Bungoma na Trans Nzoia, kwa kawaida kina nyuzi saba zilizokazwa juu ya bakuli la mti lililowambwa ngozi. Ndugu yake kwa Wasabaoti wa Mlima Elgon huitwa bukandit, na kwa Wajaluo ni nyatiti yenye nyuzi nane. Asikilizaye litungu likipigiwa kamabeka, ule mchezo wa kutikisa mabega, atasikia nyuzi za chini zikirudia neno lile lile bila kuchoka huku za juu zikijibizana.

Gitaa la mbao lilipoenea katika nchi ya Waluhya, lilikuta masikio yamekwisha zoea majibizano hayo. Ndipo mtindo wa omutibo ukashamiri, na jina la kwanza kutajwa daima ni la George Mukabi wa Kisa, aliyefariki mwaka 1963. Kidole gumba kilishika besi, cha shahada kikapiga nyuzi za juu, na gitaa moja likasikika kama mawili. Huko Bunyore, Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola, waliojiita Abana ba Nasery, waliongeza chupa ya Fanta. Nyimbo zao za zamani zilikusanywa na kutolewa tena Uingereza na kampuni ya GlobeStyle mwaka 1989.

Daudi Kabaka naye alivuma Nairobi katika miaka ya 1960 akiwa na studio ya Equator, na kule gitaa lilikuwa la umeme. Wimbo wake "Helule Helule" ulipigwa upya na The Tremeloes wa Uingereza mwaka 1968. Waingereza waliuchukua wimbo, lakini mlio wa gitaa ulibaki Kenya. Wimbo husafiri kwa miguu yake wenyewe. Mlio husubiri mtu aubebe.

NUSU YA PILI YA GITAA

Gitaa la umeme lisilounganishwa popote halina sauti ya kumwamsha mtoto aliyelala. Nusu ya pili ya chombo ni amplifaya na spika yake. Amplifaya za kale hutumia valvu, zile chupa za kioo zinazong'aa kama makaa. Ukipiga polepole, sauti hutoka safi. Ukikaza mkono, valvu hulemewa na sauti hukwaruza, hunenepa na kuvuta pumzi. Kwa hiyo mpiga gitaa huicheza amplifaya kama anavyozicheza nyuzi.

Vox AC30 ya Uingereza na Fender Twin Reverb ya Marekani ni miongoni mwa hizo. Baadaye zikaja za transista, zilizo safi na imara zaidi. Mashuhuri kati yao ni Roland Jazz Chorus ya Japani, iliyotoka mwaka 1975 na kupendwa na wapigaji wanaotaka kila uzi usikike peke yake.

Kila moja ya hizo tatu ina uzito wa kilo zipatazo 30, yaani theluthi ya gunia la mahindi. Mkulima wa Kitale anajua maana ya hesabu hiyo. Kutoka Kiminini hadi Chwele kwa matatu, kisha kwa bodaboda hadi kwenye boma la arusi, mzigo kama huo una nauli yake, na kila shimo la barabara ni hatari kwa valvu. Si ajabu basi kwamba vijana wanaposikia habari za kisanduku cha kilo mbili wanachangamka.

KUIGA KULIANZAJE?

Jambo lenyewe si jipya kama linavyodhaniwa. Mwaka 1989 kampuni ya Tech 21 ya New York ilitoa SansAmp, kisanduku kisicho na kompyuta kilichoiga amplifaya kwa saketi za kawaida. Mwaka 1996 kampuni ya Line 6 ya California ilitoa amplifaya iliyoiga nyingine kwa hesabu za kompyuta, na mwaka 1998 ikaja POD, chombo chekundu chenye umbo la haragwe kilichoenea studio nyingi duniani. Fractal Audio walifuata na Axe-Fx mwaka 2006.

Njia ya vyombo hivyo ilikuwa moja. Mhandisi aliichunguza amplifaya, akaandika kwa hesabu kila sehemu inavyofanya kazi, na kompyuta ikazipiga hesabu hizo mara 48,000 hivi kwa kila sekunde. Lakini mhandisi ndiye aliyechagua amplifaya ya kuchunguza, naye alichagua zile alizozijua: za Marekani na Uingereza.

Mageuzi yalikuja pale chombo kilipofundishwa kunasa sauti ya amplifaya yoyote iliyowekwa mbele yake. Kemper ya Ujerumani ilifungua mlango huo kuanzia mwaka 2011, na Neural DSP ya Ufini ikafuata na Quad Cortex. Kisha Steven Atkinson, wa Marekani, akatoa Neural Amp Modeler, programu inayopatikana bila malipo. Sauti maalumu ya kama dakika tatu hupitishwa ndani ya amplifaya na inayotoka hurekodiwa. Kompyuta hulinganisha iliyoingia na iliyotoka, hukosea, hujisahihisha, hukosea tena, mpaka tofauti inakuwa ndogo mno. Matokeo ni faili dogo ambalo mtu anaweza kumpelekea mwenzake kwa simu.

Hapo ndipo pana neema. Kompyuta ile haiulizi amplifaya imetengenezwa London au imeungwa na fundi wa redio nyuma ya soko la Kitale. Hujifunza inachowekewa.

UWANJANI NI KITU KINGINE

Hata hivyo, sauti inayopendeza chumbani yaweza kuaibika uwanjani, na hapa wengi huilaumu kompyuta kwa kosa lisilo lake.

Kwanza, kuna spika. Spika ya gitaa ya inchi 12 kwa kawaida hukata milio ya juu sana, na hilo ni sehemu ya utamu wake. Vipaza sauti vya ukumbi havikati, kwa kuwa vimeundwa kupitisha kila kitu. Sauti iliyokwaruzwa ikipelekwa huko bila kuiga pia kasha la spika, hulia kama nyuki ndani ya debe. Kwa sababu hiyo vyombo vya kisasa huiga spika na maikrofoni iliyo mbele yake. Bali tufahamu: kinachotoka ni sauti ya amplifaya iliyorekodiwa, si ya amplifaya iliyo nyuma yako ikikutetemesha suruali. Mpigaji aliyezoea kusukumwa na upepo wa spika hujiona kama amenyang'anywa mwenzake. Dawa ni kumwekea spika yake jukwaani, hata ndogo.

Pili, kuna ukubwa wa sauti. Fletcher na Munson walionyesha tangu mwaka 1933 kwamba kwa sauti ya chini sikio hupungukiwa na besi na milio ya juu. Kijana anayeitengeneza sauti usiku kwa sauti ndogo asiwaamshe wazee huongeza besi na ukali ili aisikie vizuri. Akifika Kanduyi mbele ya umati, besi ile huwa matope na ukali ule huchoma masikio. Sauti ya uwanjani hutengenezwa kwa ukubwa wa uwanjani.

Tatu, kuna kuchelewa. Kompyuta yahitaji muda kidogo kupiga hesabu, kwa kawaida milisekunde chache tu. Lakini sauti hewani nayo huchukua kama milisekunde tatu kwa kila mita, hivyo aliyesimama mita tatu mbele ya amplifaya ya kale huisikia ikiwa imechelewa milisekunde tisa, na hakuna aliyelalamika. Tatizo huja vyombo vinapofungwa mkia kwa mkia: gitaa lisilo na waya, kisanduku, mitambo ya kuchanganyia sauti, halafu vipaza sauti vya masikioni, kila kimoja kikiongeza chake. Katika benga, ambapo solo na ridhimu hukimbizana kama ndama na mamaye, kuchelewa kunakojilimbikiza huvunja mchezo.

Nne, kuna umeme. Katika mwezi wa Agosti wa miaka ya tohara ya Wabukusu, ambayo ni ile inayogawanyika kwa mbili, sherehe huwa bomani, na jenereta ndiyo tegemeo. Umeme ukiyumba, kisanduku huzimika na kuanza upya kama kompyuta yoyote, huku wachezaji wamesimama wakikodoa macho. Mwenye busara huwa na betri ya akiba. Tena amplifaya ya kale ikifa, fundi wa mjini huifungua, hutafuta sehemu iliyoungua na kuibadilisha kwa risasi ya kuchomelea. Kisanduku kikifa, mara nyingi fundi huyo huyo hana la kufanya. Hiyo ni hasara, na isifichwe.

YA KWETU TUIWEKE WENYEWE

Sasa turudi kwenye swali letu. Mtu akifungua kisanduku kipya leo, atakuta majina ya sauti yanayomwelekeza Marekani na Uingereza. Hakutani na mlio wa spika ya tarumbeta iliyofungwa juu ya lori la matangazo, wala wa amplifaya ya transista iliyotengenezwa mara tano na bado inaimba. Akizoea kuchagua kutoka katika orodha hiyo tu, baada ya miaka ishirini gitaa la Bungoma litalia sawasawa na la mji mwingine wowote. Na hakuna atakayekuwa amelikataza gitaa la zamani. Litakuwa limesahauliwa tu.

Kwa upande mwingine, haijapata kuwa rahisi kama sasa kuihifadhi sauti. Zinahitajika amplifaya iliyo hai, kompyuta ya mkononi, kifaa cha kuingizia sauti, na subira. Hata litungu linaweza kufaidika. Ukibandika kinasa mtetemo juu ya ngozi yake, sauti hutoka nyembamba na kavu. Lakini kompyuta ikilinganisha sauti hiyo na ya maikrofoni nzuri iliyowekwa mbele ya chombo, hujifunza tofauti na kurudisha mwili uliopotea. Hapo mpigaji wa litungu atasimama pamoja na bendi nzima bila kumezwa.

Kazi hii isiachiwe kijana mmoja na simu yake. Bungoma kuna Chuo Kikuu cha Kibabii, na Kitale kuna chuo cha ufundi cha taifa, Kitale National Polytechnic. Wanafunzi wa kompyuta na wa umeme wakikutana na wapiga gitaa wazee walio hai, kila mlio ukanaswa na kuandikiwa jina la mwenye chombo, mahali na mwaka, tutakuwa na ghala lililo letu. Jina hilo ni muhimu, kwa maana sheria ya hakimiliki hulinda wimbo na rekodi, lakini haimpi mtu miliki ya mlio. Wanamuziki wetu hawajasahau kanda zilizonakiliwa kiholela katika miaka ya 1980, mchana kweupe, wenyewe wasipate senti.

Lakini tusidanganyane kwamba ghala hilo litampiga mtu gitaa. Kompyuta hunasa amplifaya, hainasi kidole gumba. Ukimpa mtu asiyejua omutibo mlio wa Mukabi mwenyewe, atatoa kelele zenye mlio mzuri. Sauti hukaa kwanza katika mkono, na mkono hufundishwa na mkono mwingine, jioni baada ya jioni.

Basi wazee walete mikono, vijana walete kompyuta. Amplifaya kuukuu iliyo chini ya kitanda kule Sirisia au Endebess isiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla haijaimba kwa dakika zake tatu za mwisho. Mali bila daftari huisha bila habari.