Je, Wajua? Ardhi ya Rubavu na mitetemeko yake

Je, wajua kwamba mitetemeko mingi kwa wakati mmoja haimaanishi kuwa matetemeko yanaongezeka mwaka hadi mwaka?

Kanama, wilayani Rubavu, Rwanda, iko katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa, ambako ardhi hutanuka kwa milimita chache tu kwa mwaka. Volkano ya Nyiragongo, nchini Kongo jirani, ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, magma (mwamba ulioyeyuka) ilijipenyeza chini ya mji wa Goma hadi chini ya Ziwa Kivu. Ardhi ikatikisika mamia ya mara kwa siku kadhaa, nyumba zikapata nyufa Goma na Gisenyi, mji wa Rubavu, kisha mitetemeko ikapungua. Mlipuko wa volkano hiyo wa Januari 2002 nao ulifuatwa na mitetemeko.

Hata hivyo, tetemeko moja tu laweza kuleta maafa: lile la tarehe 3 Februari 2008, lenye ukubwa wa takriban 5.9, liliua watu wilayani Rusizi, Rwanda, na mjini Bukavu, Kongo.

Aidha, vifaa vya kupimia mitetemeko vikiongezeka, hata mitetemeko midogo isiyohisiwa na watu hunaswa, hivyo idadi inayorekodiwa hupanda hata kama matetemeko yenyewe hayajaongezeka.

Usisubiri takwimu: imarisha nyumba yako. Ardhi ikitikisika, jikinge chini ya meza imara.