Je, Waya Mnene Huboresha Sauti ya Redio?

Katika Mkoa wa Singida, kama ilivyo kwingineko nchini, umeme wa gridi umefika katika vijiji vingi ambavyo zamani vilitegemea betri kavu. Mkulima aliyeuza alizeti au vitunguu vyake aweza sasa kununua amplifaya na jozi ya spika, akasikiliza muziki nyumbani kwake. Haupiti muda mrefu kabla ya kuzuka swali: je, waya wa umeme uliokuja na chombo hicho unatosha, au yafaa kununua ulio mnene zaidi ili sauti iwe safi? Katika Ulaya, Marekani na Japani ziko nyaya za namna hiyo zinazouzwa kwa mamia, na hata maelfu, ya dola. Fizikia ya shule ya sekondari yatosha kulijibu swali hili, na jibu lake lategemea kwanza mahali umeme unakotoka.

Umeme wa gridi

Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230, mkondo geu, mizunguko 50 kwa sekunde. Ichukuliwe amplifaya inayotumia wati 100. Mkondo wake ni wati 100 kugawanya kwa volti 230, yaani ampea 0.43 hivi. Waya wake wa kawaida ni wa shaba, wenye milimita za mraba 0.75 na urefu wa meta 1.5. Kwa kuwa mkondo huenda na kurudi, urefu wa kuhesabiwa ni meta 3, na ukinzani wake haufiki omu 0.08. Kwa kanuni aliyoitangaza Georg Simon Ohm mwaka 1827, volti zinazopotea njiani ni mkondo mara ukinzani, yaani karibu volti 0.03. Waya wenye unene maradufu utapunguza upotevu huo kwa nusu. Faida yake basi haifiki volti 0.02 kati ya volti 230.

Sasa na itazamwe njia nzima. Nyumba iliyo meta 100 kutoka kwenye transfoma, ikiunganishwa kwa nyaya za alumini za milimita za mraba 16, ina ukinzani wa karibu omu 0.4 kabla umeme haujafika kwenye soketi. Pasi na birika zikivuta ampea 10 kwa pamoja, volti 4 hivi hupotea hapo. Ni vigumu kuamini kwamba meta moja na nusu ya mwisho inaweza kurekebisha yaliyotokea katika meta 100 za kwanza.

Zaidi ya hayo, umeme wa soketi hauendi moja kwa moja kwenye spika. Ndani ya amplifaya hupunguzwa volti, hufanywa uende upande mmoja tu, kisha kapasita huulainisha. Mngurumo unaosikika katika spika aghalabu hutokana na kapasita iliyochoka au na nyaya za mawimbi ya sauti zilizounganishwa vibaya. Waya mnene wa umeme hauponyi maradhi hayo.

Umeme wa jua

Mambo hubadilika katika nyumba inayotumia paneli ya jua na betri ya volti 12. Amplifaya ya gari inayotumia wati 60 huvuta ampea 5. Ikiunganishwa na betri kwa waya uleule wa milimita za mraba 0.75, lakini wa meta 10, ukinzani wa kwenda na kurudi ni omu 0.52. Volti 2.6 hupotea, na amplifaya hubakiwa na 9.4. Ngoma inapopigwa kwa nguvu mkondo huongezeka, volti hushuka zaidi, vilele vya mawimbi ya sauti hukatwa, na msikilizaji husikia mkwaruzo. Hapa waya wa milimita za mraba 4 ni dawa ya kweli, kwani hupunguza upotevu hadi nusu volti. Dawa rahisi zaidi ni kuisogeza amplifaya karibu na betri. Fyuzi nayo isisahauliwe, nayo ikae karibu na betri.

Unene na usalama

Kuna sababu nyingine ya kuuangalia unene wa waya, nayo ni kubwa kuliko sauti. Waya wa kuongezea urefu wa meta 10, wenye milimita za mraba 0.75, ukitumiwa kwa redio pekee haupati joto la kutisha. Ukiongezewa pasi ya wati 2,000, mkondo wa ampea 8.7 huzalisha ndani yake joto la karibu wati 39. Waya huo ukiwa umekunjwakunjwa chini ya zulia, joto hilo halina pa kutokea. Plastiki huyeyuka, na nyumba yaweza kuungua. Fedha iliyotengwa kwa waya wa anasa ingefaa zaidi kununua plagi yenye fyuzi inayolingana na waya, na kumlipa fundi aikague nyaya ya ardhini.

Jaribio la darasani

Mwalimu aweza kulipima jambo hili kwa amplifaya yenye waya unaochomoka na nyaya mbili kamili za dukani, moja nyembamba na moja nene. Akiwa nyuma ya pazia, arushe sarafu kuamua waya wa kutumia, azime swichi kila anapobadilisha, na asiguse kitufe cha sauti. Mwanafunzi asikilize wimbo uleule mara 10 na kuandika waya anaodhani umetumika. Anayebahatisha hupata 5 hivi. Kupata 9 au 10 kwa bahati tupu hutokea mara 11 tu katika 1,024. Mwanafunzi yeyote asifungue plagi wala kugusa waya ulio wazi.

Darasa litakalofanya jaribio hili litajifunza jambo linalozidi habari za redio: kwamba sikio la mtu anayejua bei ya kitu si shahidi wa kutegemewa, na kwamba dai la muuzaji, liwe la waya, la mbegu au la dawa, laweza kupimwa.