Pamba ya Kibosho

"Mangi, leo umepiga pamba!" Ukirushiwa hilo pale stendi ya Moshi, ujue umetokelezea. Hakuna anayezungumzia zao la Shinyanga. Kitaani pamba ni nguo, tena siyo kila nguo. Sare ya shule ni nguo tu. Pamba ni ile uliyoihangaikia, ikakukaa, watu wakageuka.

Neno hili lina utamu wake. Pamba ya shambani ina ndugu Uajemi: kwao ni panbe, na wanalitamka pambe. Halafu kuna kupamba, kitenzi chetu wenyewe cha Kibantu, kile cha bibi harusi na ukumbi. Kwenye kamusi yanakaa mbalimbali, masela wameyakutanisha. Mtu akisema "kapiga pamba", sikio linapata uzi na pambo kwa mpigo mmoja. Naamini ndiyo maana neno hili halichuji. Bugaluu, zile suruali pana chini za miaka ya 1970 zilizobeba jina la muziki wa New York, zimebaki kwenye picha za studio za wazee wetu. Sharobaro naye alivuma na jinzi zake za kubana, sasa ukimtaja unaonekana wa kitambo. Majina hayo yalifungwa kwenye mtindo mmoja, yakazeeka nao. Pamba haijafungwa popote.

Kwetu pamba inaanzia soko la mitumba la Memorial, au Kiboriloni. Asubuhi, belo likikatwa kamba, wanangu wameshazunguka, mikono inachimba, macho yanasoma mshono kabla ya bei. Mtumba maana yake ni furushi tu, robota. Wazee waliziita nguo hizo kafa Ulaya, yaani mwenyewe kafia huko, na jina hilo lilikuwa na aibu ndani yake. Mwaka 2016 marais wa Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondoke hatua kwa hatua hadi 2019. Tanzania haikufika huko. Hoja ya kulinda viwanda vyetu naiheshimu. Ila atakayesema kijana wa Memorial anavaa makombo, hapo tunagombana. Shati likitoka kwenye belo linakwenda kwa fundi cherehani, linabanwa mbavuni, linapunguzwa mikono, linafuliwa, linapigwa pasi. Likifika barabarani ni jipya, na mwenye jicho lililoliona ni yeye.

Halafu kuna mlima. Huku juu baridi ya Julai haina mchezo, kwa hiyo pamba yetu ni nzito: makoti, masweta, buti. Wagumu, wale wanaobeba mizigo ya wageni kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895, wakishuka mara nyingine wameachiwa jaketi na mgeni. Jaketi la hivyo kijijini linajulikana hadi lilikotoka.

Desemba iliyopita nilipata langu Memorial, jeusi, limevimba kama godoro. Nikapanda nalo Kibosho kwa bibi kwa ajili ya Krismasi. "Shikamoo bibi, umeona pamba?" Kwa bibi pamba ni ya kusafishia kidonda. Akanisogeza, akabonyeza mkono, akaingiza kidole kwenye tundu dogo kwapani, akavuta. Likatoka nyoya jeupe la bata.

"Mjukuu wangu," akasema, "hii siyo pamba."

Kisha akaenda kutafuta sindano.