Kazi uipendayo yaweza kukumaliza: Afya ya mwalimu wa chuo cha sanaa

MWALIMU wa uchoraji huingia darasani saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi alasiri. Kisha hupanda matatu na kukimbilia chuo cha pili, upande mwingine wa mji, ambako hufundisha hadi saa mbili usiku. Afikapo nyumbani, kazi za wanafunzi arobaini zinamngoja azisahihishe.

Mwezi unapokwisha hulipwa saa alizosimama mbele ya darasa pekee. Zile za kusahihisha, kutayarisha masomo na kumshauri mwanafunzi aliyekwama hazihesabiwi.

Mwalimu huyu hajawa mgonjwa. Hata hivyo, akiendelea hivyo, huenda akajikuta kwa daktari akilalamikia kichwa, mgongo au kukosa usingizi, bila ya kujua kwamba chanzo ni kazi yenyewe.

Vyuo vya kibinafsi vinavyofundisha filamu, muziki, mitindo ya mavazi na uchoraji wa kompyuta vimo katika miji mingi ulimwenguni, Nairobi ikiwa mojawapo. Chuo kinachoendeshwa kama biashara hutegemea karo, na karo hutegemea idadi ya wanafunzi. Wanafunzi wakipungua, darasa hufutwa, na mwalimu anayelipwa kwa saa hupoteza riziki yake papo hapo.

Vilevile, mwanafunzi hugeuka mteja. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi kwamba kazi yake haijafikia kiwango huogopa kwamba ataondoka na karo yake. Akimpitisha, dhamiri humsuta. Mvutano huo wa kila siku ni mzigo mzito kwa akili.

Funzo kutoka Marekani

Mfano unaojulikana sana ni ule wa Art Institutes, msururu wa vyuo vya sanaa nchini Marekani. Chuo cha kwanza kilifunguliwa mjini Pittsburgh mwaka wa 1921, na baadaye vikaenea katika miji mingi chini ya kampuni ya Education Management.

Mnamo Novemba 2015 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola milioni 95.5 ili kumaliza kesi. Serikali ilidai kwamba waliokuwa wakisajili wanafunzi walilipwa kulingana na idadi ya waliowaleta, jambo ambalo sheria ya huko inakataza. Kampuni haikukiri kosa.

Vyuo vilibadilisha wamiliki, vikafungwa kimoja baada ya kingine, na vinane vilivyosalia vikafunga milango Septemba 30, 2023. Walimu na wanafunzi walipata habari siku chache tu kabla. Mwaka wa 2024 serikali ya Marekani ilitangaza kufuta mikopo ya zaidi ya dola bilioni 6 kwa watu wapatao 317,000 waliosomea huko.

Wanafunzi walifutiwa madeni. Mwalimu, ambaye alikuwa ametumia miaka yake humo, hakuwa na mkopo wa kufutiwa. Alibaki akitafuta kazi.

Kuchoka kusikoisha

Mwaka wa 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, aliyefanya kazi katika kliniki ya kuwahudumia watu bure mjini New York, alieleza hali aliyoiona kwa wenzake na kwake mwenyewe. Aligundua kwamba waliojitolea zaidi kwa kazi ndio waliokuwa katika hatari ya kuishiwa nguvu.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilifafanua hali hiyo mwaka wa 2019. Lilisema si ugonjwa bali ni tatizo linalotokana na mkazo wa kazini usiodhibitiwa kwa muda mrefu. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu kabisa, kuichukia au kuidharau kazi, na kuona kwamba huna manufaa tena kazini.

Kwa mwalimu wa sanaa, dalili ya pili ndiyo inayouma zaidi. Mtu aliyechora tangu utotoni huona hata penseli yake mwenyewe ikimchosha. Wengi huacha kabisa kutengeneza sanaa zao.

Mtaalamu Johannes Siegrist alieleza mwaka wa 1996 kwamba afya hudhurika pale mtu anapotoa jasho jingi na kupata malipo, heshima au usalama mdogo wa kazi. Anayeipenda kazi yake huvumilia hali hiyo kwa muda mrefu kuliko wengine.

Mwili nao haubaki nyuma. WHO na Shirika la Kazi Duniani, ILO, zilionyesha mwaka wa 2021 kwamba wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki wana hatari ya kupata kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko wanaofanya saa 35 hadi 40. Hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo iko juu kwa asilimia 17. Anayefundisha vyuo viwili asihesabu saa za chuo kimoja tu.

Karakana za sanaa pia zina hatari zake. Mvuke wa thina na tapentaini huumiza kichwa na kuleta kizunguzungu, hasa chumba kikikosa madirisha. Vumbi la udongo wa ufinyanzi huharibu mapafu. Lipanguswe kwa kitambaa kilicholowa maji, lisifagiliwe likiwa kavu. Na sauti iliyokauka kwa zaidi ya wiki tatu yahitaji kuonwa na daktari.

Ufanye nini?

Kwanza, andika kila saa unayofanya kazi kwa mwezi mzima, zikiwemo zisizolipwa. Gawanya mshahara wako kwa saa hizo. Jibu litakusaidia kuamua ni darasa lipi la kukataa.

Pili, ijue sheria. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka wa 2007 inataka kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi. Inampa mwajiriwa likizo ya siku 21 zenye malipo kila baada ya miezi 12. Aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo akiugua ana haki ya siku saba za malipo kamili na saba za nusu. Soma mkataba kabla ya kutia sahihi, kwani ukiandikishwa kama mtu anayejitegemea huenda usizipate haki hizo.

Tatu, tenga muda wa kutengeneza sanaa yako ambayo haitauzwa wala kusahihishwa na yeyote, hata ikiwa ni saa moja kwa wiki.

Mwisho, ikiwa huzuni haikuachi hata wakati wa likizo, hulali, au umeanza kufikiria kujidhuru, usingoje. Hiyo si kazi tena, yaweza kuwa ni ugonjwa wa unyogovu, nao una tiba. Mwone daktari au mshauri mapema. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.